Karai, na Swali la Darajani

Kwa mwanangu Hamisi,

Barua za watu huanza kwa mimi sijambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Yangu naianza kinyume. Wewe bado hujawa mbali, uko hapo nyumbani unafunga mizigo, na mimi si mzima hata kidogo. Tangu adhuhuri kila ninachoshika nakiharibu. Mteja mmoja nimempa mfupa mtupu akadhani namchokoza, tukafokeana bure, kisha nikajikata kidole, ndiyo maana unaona doa hapo pembeni mwa karatasi. Basi nimefunga bucha mapema, nimekaa kwenye gogo la kukatia nyama, naandika haraka haraka kabla ya kafyu.

Ya blanketi na sabuni na chai ya njiani mama yako ameshakwambia, tena zaidi ya mara moja, mimi sirudii. Ya swala unayajua. Mimi nina jambo moja tu. Kesho alfajiri lori litakuchukua wewe na lile tangi la samaki na mapipa yake kwenda Nairobi kupanda treni ya Mombasa. Bwana wako Mzungu ametangulia na motokaa yake kwenye kazi yake mpya Mombasa, kwa hiyo hutakuwa na mtu wa kukusemea. Kwenye daraja la Tana mtasimamishwa na askari. Kwanza watashangaa mapipa. Nani mwenye akili timamu anasafirisha maji ya bahari kuyarudisha baharini? Waambie ukweli, kwamba Bwana hataki samaki wake wabadilishiwe maji njiani, na wakitaka kuonja waonje. Hapo watacheka. Ninachokiogopa kinakuja baada ya kicheko. Watatazama pasi yako, wataona imeandikwa Mswahili wa Majengo, Embu, kisha watakutazama usoni, na homgadi, mlinzi wa vijijini wa Serikali, aliyesimama pembeni yao atakuuliza mama yako ni nani na ametoka wapi. Siku hizi wanamuuliza kila mtu. Ukisema Mwembu wa Kibugu utashushwa kama mtu wa msituni, lori litaondoka, na mimi sitajua umepelekwa wapi.

Leo mchana nilikwambia la kujibu. Nilikwambia useme mama yako ni Mswahili wa hapa hapa Majengo, basi. Ukaendelea kumega ugali, ukasema, "Nimesikia, baba." Hamisi, mimi ndiye niliyekuzaa. Hiyo "nimesikia" yako naijua. Hukusema "nitasema." Umesikia kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati. Na uso kwa uso mimi na wewe hatuwezi, mimi napandisha sauti na wewe unanyamaza, tunaishia hapo kila siku. Kwa hiyo naandika. Isome uani kabla hujaingia ndani, na ukimaliza uitie jikoni iungue yote. Usiende nayo, maana majina yaliyomo humu ndiyo hasa wanayoyatafuta.

Na usifikiri nakufukuza. Ningependa ubaki hapa tukate nyama wote mpaka nizeeke unitoe kwa nguvu. Lakini Majengo watarudi kuisaka, kila mtu anajua, na safari hii Bwana hatakuwapo kukuandikia karatasi. Mombasa hawakujui. Ndiyo maana ninataka ufike.

Nianze na kosa langu la chumvi.

Unakumbuka lile tangi lilivyoletwa. Bwana alikuwa ametoka Malaya, ambako nako kulikuwa na vita vya msituni kama hivi vyetu, na alipohamishiwa huku kwa mambo ya visima na mifereji akaja na kioo kirefu kama kitanda, mchanga wa pwani kwenye magunia, na maji ya bahari kwenye mapipa, yamepanda treni kutoka Mombasa. Maji! Watu wa Majengo walicheka mpaka wakalia, na mto Rupingazi uko pale chini unapita bure. Samaki wa rangi walitoka Mombasa vile vile. Lakini wale wawili wa ajabu alisafiri nao mwenyewe melini kutoka Malaya, na hapa Embu hapakuwa na mtu aliyejua jina lao. Mgongo wa duara, mgumu, mkia mrefu kama msumari, na chini miguu mingi kama ya kaa. Wewe ndiye uliyesema ni karai lililofunikwa. Basi wakawa Karai mkubwa na Karai mdogo, hata Bwana mwenyewe akawa anawaita hivyo kwa ule ulimi wake mzito. Kazi ulipewa kwa sababu wewe peke yako hukuogopa kuwashika. Asubuhi na jioni ulijaza upepo tyubu ya gari kwa pampu ya baiskeli, upepo ukapita kwenye mpira mwembamba ukabubujika majini, samaki wakapata pumzi. Mama yako alisema hajaona kazi kama hiyo tangu azaliwe, kuwapumulia samaki.

Ikawa maji yanapungua. Jua la Januari halina mchezo, na Bwana alikuwa safarini upande wa Kiritiri kupima visima. Ukaja hapa hapa bucha ukaniambia, baba, maji ya bahari yameshuka na mapipa yamekwisha, nifanyeje? Na mimi, mtu niliyetia chumvi ngozi za ng'ombe tangu sijaota ndevu, nikaona ni swali jepesi. Maji ya bahari si maji na chumvi? Nikakupa chumvi ya mawe, ile ya ngozi, nikakwambia koroga kwenye ndoo, onja mpaka ladha ilingane, ujazie. Ukajazia. Yakapungua tena, ukajazia tena. Nilijisifu, wallahi. Niliwaambia wateja wangu kwamba Mungu aliumba bahari ya Mombasa na Ramadhani ameumba ya Embu. Astaghfirullahi.

Kumbe maji yanapokwenda na jua, chumvi haiendi. Inabaki humo humo, na mimi nikawa naiongeza. Kilichotakiwa ni maji matupu ya mtoni. Na mimi ninaziona kila siku ngozi zikikauka juani, maji yametoka na chumvi imebaki juu, nyeupe, unaweza kuikwangua kwa ukucha. Sikufikiri. Samaki wa rangi wakaelea mmoja baada ya mwingine. Bwana aliporudi akauliza nani alikwambia utie chumvi, ukasema, "Ni mimi, Bwana. Nilidhani." Hukunitaja. Alikufokea mbele ya mpishi na mtu wa bustani mpaka mpishi akaona haya kwa niaba yako. Ulirudi nyumbani ukaniambia, "Yamekwisha, baba." Habari kamili nilizipata kwa mpishi alipokuja kununua maini.

Na mimi nikafurahi. Nilifurahi kuwa na kijana wa namna hiyo, nikatembea siku nzima kifua mbele. Hapo ndipo nilipokosea kuliko kwenye chumvi. Ningekuita siku ile ile nikakwambia, Hamisi, usimeze ya watu kimya kimya hivyo, hata yakiwa ya baba yako. Badala yake nikakununulia soksi.

Wale Karai wawili walipona, wana roho ngumu. Bwana akabadilisha maji, akaletewa samaki wengine, mambo yakatulia. Kisha ukaja ukoga. Tangi lilikuwa dirishani, jua linalipiga, kioo kikawa kijani kwa ndani na mchanga ukashika utelezi. Bwana hakuwa na wasiwasi. Alisema Karai ndio dawa, kwamba huko alikotoka watu huwaweka kwenye matangi kusudi wale ukoga, hawapewi chochote, wanajilisha kwa uchafu wenyewe.

Na kweli mchanga waliulima. Walizama chini yake usiku, na asubuhi ulikuwa umepinduliwa wote, mweupe. Lakini kioo je? Karai hapandi kioo, miguu yake ni ya kutembea chini tu. Wewe uliliona hilo mapema. Ila hukutaka Bwana akute kijani akija kunywa chai yake, basi kila alfajiri ulikunja shati ukasugua kioo kwa kipande cha gunia mpaka kikang'aa. Bwana akiamka anainama pale anasema, "Vizuri sana, Karai!" Na wewe umesimama na trei, mkono umelowa mpaka kwapani, unajibu, "Ndiyo, Bwana." Ulipotusimulia tulicheka sote, mama yako akashika ukuta. Tukakutania, tukakuita Karai wa tatu.

Tulikuwa tunacheka bila kujua. Bwana aliona kioo safi, akajua Karai wamekula. Wewe uliona mchanga umelimwa, ukajua wamekula. Mimi niliwaona siku moja nilipopeleka nyama jikoni, nikawaona wakubwa vile vile, wagumu vile vile, nikasema hawa wananenepa. Mimi! Ng'ombe akipita barabarani nakwambia kama jana alilala njaa. Mbuzi wa Kiritiri namshika mgongoni mara moja tu, nimemaliza. Lakini ng'ombe akikonda mbavu zinatokeza, jicho linaingia ndani, ngozi inaning'inia, kila kitu kinakwambia. Ganda halikondi, Hamisi. Mnyama anaisha ndani yake na nje ni yule yule. Sikuwa najua kuwa kuna kiumbe wa hivyo.

Asubuhi moja ukamkuta Karai mkubwa amelala chali, hajigeuzi. Bwana akakutuma kwangu nimfungue ajue kilichomuua. Nilipompokea mkono wangu ulipanda wenyewe juu, kwa vile nilitarajia uzito na uzito haukuwako. Nikaingiza kisu pembeni mwa ganda. Ndani maji. Maji na vinyuzi vya nyama, basi. Na damu yake kidogo iliyotoka haikuwa nyekundu, ilikuwa kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, na ilipokaa juu ya gogo hili ninalokalia ikageuka buluu. Nimechinja tangu ujana wangu sijaona kitu kama kile. Nilifuta kisu nikakaa chini. Wewe ulisema neno moja tu, "Njaa."

Mdogo tukamwahi. Nilikukatia moyo wa ng'ombe usio na mafuta, vipande kama punje za mahindi, ukavifukia mchangani, akala. Alikula kama mtu aliyetoka hospitali. Bwana hakubisha, alisema tu ndivyo alivyoambiwa na watu wa kule, akaona huruma kabisa. Tangu siku hiyo hukupita hapa jioni bila kifurushi cha Karai. Na kioo ukaendelea kukisugua wewe.

Sasa nije kwenye yale tusiyoyasema nyumbani.

Siku askari walipotukusanya wanaume wote wa Majengo kiwanjani, mimi nilikuwa nyuma yako kwenye mstari. Yule mtu wa gunia alikuwa ndani ya motokaa, kichwa kimefunikwa, matundu mawili ya macho, akikutikisia kichwa umekwisha, wewe ni wa msituni. Kwako hakutikisa. Ulikuwa umeshapita, Hamisi. Ulikuwa umeshapita! Ndipo karani wa mezani, bila hata kuinua macho, akakuuliza mama yako ni nani. Akauliza kwa Kiswahili. Na wewe ukasimama wima, ukajibu kwa Kiembu. Ukamtaja Wanja, kwa jina lake la kwao, ukamtaja baba yake, na baba wa baba yake, na ukoo wao, na kijito cha kwao huko Kibugu chini ya msitu, mpaka mwisho. Homgadi aliyekuwa pale akaacha kutafuna muwa. Wakakupeleka upande wa pili wa waya wa miiba, kwa waliokamatwa.

Majengo nusu nzima ina mama wa Kiembu, au wa Kimeru, au wa Kikamba. Babu yako alikuja huku Mnyamwezi na mzigo kichwani, akaoa huku, na mimi nikaoa huku. Wote siku ile walisema mama yao ni Mswahili, wakarudi makwao kunywa uji. Wewe peke yako ndiye uliyejibu vile, na mimi nilikasirika siku nyingi kabla ya kukubali ni nani aliyekufundisha. Ni mimi niliyekupeleka Kibugu kila mavuno. Babu yako mzaa mama alikukalisha kwenye kigoda, akakuuliza, mama yako ni nani, na wewe ukataja mmoja baada ya mwingine, na ukiruka hata mmoja alikurudisha mwanzo. Ukifika mwisho bila kosa unapewa asali. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni najivuna, natamani watu wa Majengo wangekuona. Kwa hiyo karani alipouliza, ulimjibu kama unavyomjibu mzee, yote, bila kukata. Hakuna aliyekwambia kwamba swali lile lile linaweza kutoka kwa mtu asiyestahili jibu. Lilikuwa jukumu langu kukwambia, na sikukwambia.

Bwana ndiye aliyekutoa, na wala si mapema. Ulikuja kwa miguu yako. Mama yako alikimbia barabarani bila viatu, mimi nikasimama mlangoni, nikakuuliza, "Umeumia?" Ukasema, "Mzima, baba." Nikakutazama. Mabega yale yale, kimo kile kile, unatembea. Nikasema alhamdulillahi, nikarudi bucha, kulikuwa na ng'ombe wa Ijumaa. Jioni mama yako alitaka kukufulia shati, likakataa kuvulika. Lilikuwa limeshikana na mgongo. Alilitia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka likaachia, na mimi nilikuwa upande huu wa pazia nimeshindwa kuingia. Wakati huo Karai mkubwa alikuwa ameshakufa. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu kilichobaki ndani ya ganda. Na bado nilikuuliza swali moja, nikaridhika na jibu moja, nikaenda kuuza nyama.

Kwa hiyo, mwanangu, huko Mombasa usiniandikie kuwa ni mzima wakati si mzima. Andika kwamba umelala njaa. Andika kwamba umeugua, kwamba unaona upweke, kwamba umelia. Hakuna atakayekucheka hapa, na atakayecheka nitamkata sikio. Bwana si mtu mbaya. Lakini alimtazama Karai kila asubuhi na kikombe mkononi, na hakumwona. Akishindwa kukuona na wewe, usikae unasugua kioo. Mwambie, "Bwana, sijala." Ni maneno mawili, hayamchomi mtu mdomo.

Lakini kabla ya Mombasa kuna daraja, na mimi najizungusha kwa sababu hilo ndilo linalonishinda kuandika. Nilipokwambia mchana umfanye mama yako Mswahili, yeye alikuwa nyuma ya pazia anapepeta mchele. Nilisikia ungo ukisimama. Sikugeuka. Huyu mwanamke aliacha kwao kwa ajili yangu, akaitwa Mwanaidi kwa ajili yangu, kaka zake wakakaa muda mrefu hawagusi chakula changu. Sasa ndugu zake wote wamefungiwa kijijini, mtaro na miti iliyochongwa pande zote, hata kwenda kuwasalimu haruhusiwi. Aliyebaki naye wa kumtaja kwa jina lake ni wewe tu. Na mimi nikamwambia mwanawe, yeye akisikia, amfute. Nikavaa kofia nikarudi bucha.

Nimekatizwa. Mama yako amekuja, na sasa naandika yuko hapa hapa, ameegemea mlango na shuka lake kichwani.

"Watu wanakimbilia majumbani, wewe unaandika?" akaniuliza.

Nikamwambia ni barua ya Hamisi. Akasema nimsomee. Nilitaka kuruka mahali pa shati lakini alinitazama, nikasoma yote. Alisikiliza bila kukaa. Nilipomaliza akasema, "Umemwandika sana huyo mdudu."

"Ndiyo."

"Na jibu la darajani liko wapi?"

Nikamwonyesha pale juu, kwamba useme yeye ni Mswahili wa Majengo. Akatikisa kichwa.

"Hiyo haimtoshi. Watamuuliza Mswahili gani, binti ya nani, na huyu mtoto hawezi kusema uongo wa nusu. Akianza tu kunitaja, atanitaja mpaka kwa babu yangu. Unamjua. Mwandikie aseme mama yake amekufa. Alikufa akimzaa, hakumjua, amelelewa na baba. Hapo hakuna la kumuuliza tena."

"Mama Hamisi, hilo siandiki."

"Andika."

"Huo ni uchuro, kujitabiria kifo."

"Uchuro ni lile shati," akasema. "Andika, Baba Hamisi."

Nimeandika. Ndilo hilo, kwa mkono wangu, Mungu anisamehe: mama yako amekufa, alikufa akikuzaa, hukumjua. Alinisimamia mpaka nikamaliza, akaniambia nimsomee tena asikie kama nimeliandika vizuri.

Nilidhani tumemaliza. Akasema bado, kwamba kuandikiwa si kusema. Kama mara ya kwanza utakayolitamka ni darajani mbele ya bunduki, litakukwama kooni, na wao wanatazama koo. Amesema ulitamke kwanza kwake. Atakaa kwenye kigoda karibu na jiko, na wewe usimame mbele yake. Atakuuliza kwa Kiswahili, kisha ghafla atakuuliza kwa Kiembu, maana ndivyo wanavyotega, na ukisikia Kiembu usigeuze hata kichwa. Nikamwambia utalia. Akasema ulie leo, mbele yake, umalize.

Filimbi ya kwanza ya kafyu imelia, lazima tutoke. Nitakupa karatasi hii uani. Ukiisha kusoma ingia ndani, utamkuta ameshakaa. Atakuuliza, "Wewe kijana, mama yako ni nani?" Mtazame machoni, Hamisi, umwambie amekufa. Akikuuliza tena mwambie tena, mpaka aseme inatosha. Mimi nitabaki nje na mbuzi, sitaingia mpaka mmalize.

Baba yako,
Ramadhani